Filamu Fupi Yako Ifike Mlango wa Oscar Bila Kukataliwa Njiani: Mwongozo Kamili kwa Watengeneza Filamu wa Arusha

Mwezi huu nimeletewa filamu fupi tatu hapa Sakina nizitazame kabla hazijatumwa nje. Zote nzuri. Moja ilinitoa machozi. Lakini hakuna hata moja inayoweza kuingia kwenye tuzo za Oscar kwa namna ilivyo sasa. Ya kwanza ilishawekwa YouTube. Ya pili ina wimbo wa msanii ambaye hakuwahi kusaini chochote. Ya tatu ina dakika 43.

Hilo ndilo linaloniuma. Filamu za vijana wetu zinaondolewa mashindanoni kabla hazijapambana na filamu nyingine yoyote, kwa sababu ya mambo ambayo yangerekebishwa kwa karatasi moja au kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kamera. Nimeyajibu maswali haya mmoja mmoja kwa miaka, sasa nayaandika yote mahali pamoja. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana nyingine ukiziruka huwezi kuzirudia.

Unagonga mlango upi?

Oscar ina tuzo tatu za filamu fupi: ya waigizaji, ya katuni na ya hali halisi. Kwa Academy, taasisi ya Marekani inayotoa tuzo hizi, filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40, majina ya mwanzo na ya mwisho yakiwemo.

Njia za kuingia ni tatu. Unaweza kushinda tuzo katika tamasha lililo kwenye orodha ya Academy. Unaweza kuonyesha filamu yako kwa siku 7 mfululizo katika jumba la sinema la kulipia kwenye mojawapo ya miji ya Marekani iliyotajwa na kanuni, kama Los Angeles au New York. Au, ukiwa mwanafunzi wa filamu, unaweza kupata medali ya dhahabu, fedha au shaba kwenye tuzo za wanafunzi za Academy hiyohiyo.

Kwa mtu wa Arusha asiye na fedha za kukodi sinema Marekani, njia ya tamasha ndiyo inayofikika. Durban ya Afrika Kusini imo kwenye orodha, Clermont-Ferrand ya Ufaransa nayo imo.

Wengi huichanganya njia hii na ile ya filamu ndefu ya kimataifa. Huko ni nchi inayoteua filamu moja, kama Tanzania ilivyoipeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Filamu fupi haihitaji kuteuliwa na nchi. Unaipeleka mwenyewe, jambo ambalo ni zuri, lakini pia maana yake ni kwamba hakuna ofisi itakayokukagulia makosa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kanuni za Academy za mwaka husika, umezipakua na kuzisoma mwenyewe. Hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo usitegemee za mwaka jana wala ulichosimuliwa.
- Orodha ya matamasha yanayotambuliwa kwa aina ya filamu yako.
- Kamera inayopiga fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde.
- Angalau diski mbili. Moja pekee ni sawa na kutokuwa nayo.
- Fomu za ridhaa kwa waigizaji, wenye maeneo na wanamuziki.
- Programu ya bure ya kuandikia tafsiri, kama Subtitle Edit, na ya bure ya kutengenezea DCP (faili la kuonyeshea filamu sinema), yaani DCP-o-matic.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Ijaribu mapema kwa malipo madogo, usisubiri usiku wa mwisho.
- Mtu mmoja asiyejua Kiswahili kabisa. Utamhitaji hatua ya 5.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, kamera baadaye

Omba kibali cha kupiga filamu Bodi ya Filamu Tanzania. Ukiingia hifadhini, iwe Hifadhi ya Taifa Arusha au Kilimanjaro, kuna kibali cha TANAPA. Ngorongoro ina mamlaka yake. Ukirusha droni, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wanahusika. Kwa mitaani, pita serikali ya mtaa mapema ukajitambulishe; itakuokoa siku mgambo watakapouliza mnafanya nini pale stendi.

Kila anayeonekana na kusikika kwenye filamu asaini fomu ya ridhaa. Kwa mtoto, asaini mzazi au mlezi. Ukiwa Monduli na wazee hawasomi, wasomewe fomu kwa Kimaa na mtu wanayemwamini, kisha waweke dole gumba mbele ya shahidi. Usifanye haya baada ya kupiga picha. Baada ya kupiga, mtu ameshahama, amekasirika, au ameambiwa na jirani kwamba umetajirika kupitia sura yake.

Utajua umefanikiwa ukiwa na bahasha moja yenye karatasi zote, na picha za karatasi hizo kwenye simu ya mtu wa pili.

Hatua ya 2: Piga kwa fremu 24

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Kamera nyingi zinazouzwa kwetu huja zikiwa kwenye PAL, mfumo wa televisheni wa fremu 25. Ukifungua menyu unaona 25 na 50, unachagua 25, unaendelea na kazi. Kwa harusi na televisheni hakuna tatizo. Lakini Academy inataka DCP ya fremu 24 au 48. Kwenye kamera nyingi inabidi ubadilishe mfumo kutoka PAL kwenda NTSC, ule wa Marekani, ndipo 24 itokee. Kamera ikiandika 23.98 usishtuke, tofauti yake na 24 ni ndogo mno.

Ukishapiga kwa 25, njia ya kawaida ya kurekebisha ni kuipunguza kasi filamu nzima hadi 24. Sauti inashuka kidogo, itabidi uinyanyue. Na filamu inarefuka. Yangu ilikuwa na dakika 39 kamili, nikaona nina nafasi ya kutosha. Ilipobadilishwa ikawa dakika 40 na sekunde 37. Nililazimika kukata tukio la mama anayekunja khanga mlangoni, tukio nililolipenda kuliko yote.

Kuna tahadhari moja zaidi. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipiga ndani kwa fremu 24, weka shata (muda wa kuingiza mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ya sekunde, vinginevyo taa za tyubu na baadhi ya balbu za LED zitacheza kwenye picha. Mchezo huo ni vigumu sana kuufuta baadaye.

Kabla ya siku ya kwanza, rekodi sekunde kumi, ingiza kwenye kompyuta, soma taarifa za faili. Ikisema 24 au 23.98, na taa imetulia, endelea. Fanya hivyo kwa kila kamera, hata ile ya kuazima ya siku moja.

Hatua ya 3: Muziki

Wimbo una haki mbili. Kuna haki ya aliyetunga maneno na melodi, na kuna haki ya aliyemiliki rekodi. Rafiki yako wa Ngarenaro anaweza kukuambia "tumia tu kaka, hakuna noma", naye ana nia njema kabisa. Lakini biti ni ya prodyuza, na rekodi huenda ni ya studio. Huyo rafiki amekupa kitu ambacho si chake peke yake.

Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja. Utaje jina la wimbo, watunzi wote, mwenye rekodi, jina la filamu, na matumizi: matamasha, majumba ya sinema, televisheni na intaneti, duniani kote, bila kikomo cha muda. Neno "matamasha" peke yake halitoshi. Siku televisheni ya nje itakapotaka kuinunua filamu, utarudi kuomba upya ukiwa huna nguvu ya kupatana.

Wengi hunaswa na muziki wa nyuma. Umepiga tukio ndani ya hiace ya Kijenge, redio inaimba. Umepiga baa, spika inaimba. Huo nao ni wimbo wa mtu, na kwa kuwa umechanganyika na mazungumzo huwezi kuutoa. Mwombe dereva azime redio. Muziki utauweka wewe kwenye uhariri, wenye mkataba.

Ushauri wangu ni kumlipa mpigaji wa hapa akutungie. Dakika mbili za gitaa zilizotungwa kwa ajili ya filamu yako zina thamani kuliko wimbo maarufu ambao huwezi kuuonyesha.

Hatua ya 4: Kata hadi ubakiwe na nafasi

Mwisho ni dakika 40, lakini usilenge 40. Waandaaji wa matamasha hupanga filamu kadhaa fupi katika onyesho moja, na filamu ya dakika 38 inachukua nafasi ya filamu tatu za wenzako. Mimi nawaambia vijana walenge chini ya 20. Hesabu majina ya mwisho pia. Nimeona filamu ya dakika 12 yenye dakika tatu za shukrani, kuanzia mchungaji hadi fundi wa jenereta. Washukuru kwa simu, watafurahi zaidi.

Hatua ya 5: Maandishi ya tafsiri

Academy inataka mazungumzo yawe ya Kiingereza au yawe na maandishi ya Kiingereza. Filamu za kwetu zina Kiswahili, Kimaa, Kimeru na Kichagga ndani ya dakika kumi, na tafsiri mbaya inaua kazi nzima mbele ya jaji ambaye hana kingine cha kushika.

Anza kwa kuandika kila neno linalosemwa kwa lugha yake. Lugha ambayo si yako, kaa na msemaji mwenyewe, msikilize pamoja, akueleze. Usitafsiri Kimaa kutoka kwenye mswada wako wa Kiswahili. Mzee alibadilisha maneno alipokuwa mbele ya kamera, na mara nyingi alichosema ni kizuri kuliko ulichoandika.

Kisha tafsiri kinachotendeka, siyo kamusi. Chukua "pole". Binti anamwambia mama aliyefiwa "pole", na fundi anamwambia mteja aliyejikwaa "pole". Kwa Kiingereza hayo ni maneno tofauti kabisa. "Shikamoo" ni ngumu zaidi. Kijana anapoacha kumpa mzee shikamoo, kwetu ukumbi mzima unashtuka, lakini mtazamaji wa Ufaransa haoni kitu. Maandishi hayawezi kukusaidia hapo. Kama hadithi inategemea shikamoo iliyonyimwa, uso wa mzee uonekane kwa karibu. Hilo uliamue wakati wa kupiga.

Kwa upande wa ufundi, mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi. Maandishi yakae angalau sekunde moja, yasipite saba. Tumia rangi nyeupe yenye ukingo mwembamba mweusi, maana njano inapotelea kwenye vumbi na nyasi zetu za kiangazi.

Sasa mlete yule mtu asiyejua Kiswahili. Mji wetu umejaa wanaojitolea na wageni wanaosubiri safari, hukosi mmoja. Mwonyeshe filamu mara moja tu, kisha mwombe akusimulie hadithi. Usimsaidie. Pale anapokosea, pale ndipo pa kurekebisha. Akisimulia na kutaja hata kwa nini mama alinyamaza, umemaliza.

Hifadhi nakala mbili: moja safi isiyo na maandishi, na faili la maandishi pembeni. Tamasha la Ufaransa linaweza kutaka kuweka Kifaransa.

Hatua ya 6: Usiiweke popote

Ningekuwa na uwezo wa kusema jambo moja tu kwa kila kijana wa Arusha mwenye kamera, ningesema hili. Filamu fupi ikionyeshwa hadharani nje ya majumba ya sinema, popote duniani, kabla ya kupata sifa ya kushindana, inapoteza nafasi yake Oscar. YouTube imo. Facebook, TikTok, televisheni zimo. Kuiuza kwenye flashi imo. Basi la kwenda Dar likiionyesha kwa abiria, imo.

Kuifuta baadaye hakurudishi kitu. Yule kijana wa filamu ya kwanza aliniuliza kama angeifuta usiku ule. Ilikuwa na watazamaji mia mbili tu. Nilimwambia ukweli, tukakaa kimya muda mrefu. Ameshaanza kuandika nyingine.

Unachoruhusiwa ni kionjo kifupi tu. Majaji na waandaaji wa matamasha watumie linki iliyofungwa kwa neno la siri. Ukimaliza na tamasha moja, badilisha neno hilo.

Hatari kubwa iko ndani ya timu. Mwigizaji anafurahi, anarekodi dakika tano kwenye skrini ya mhariri, anaweka WhatsApp. Weka sharti hili kwenye fomu ya ridhaa ya hatua ya 1, tena ulisome kwa sauti siku ya kwanza. Waeleze sababu. Watu hutunza siri wanapojua inalinda nini.

Hatua ya 7: Tengeneza DCP

DCP ndiyo aina ya faili inayosomwa na projekta za sinema. DCP-o-matic itakutengenezea bure. Chagua ukubwa wa picha wa 2K na fremu 24, ongeza filamu na maandishi, acha kompyuta ifanye kazi usiku kucha. Kama mtaa wenu umeme hukatika, tumia kompyuta yenye betri nzima au UPS.

Sauti ndiyo huwakwamisha. Stereo ya kushoto na kulia peke yake haikubaliki kwa Academy. Kiwango cha chini ni njia tatu, kushoto, kati na kulia, na iliyozoeleka ni 5.1, yaani njia tano na moja ya besi. Mazungumzo yakae kati. Ndiyo maana mhariri wako asikupe faili moja ya sauti iliyokwisha kuchanganywa. Akupe mazungumzo, muziki na milio kila kimoja peke yake.

Kisha nenda jumba la sinema mjini, uwaombe dakika kumi na tano asubuhi kabla ya onyesho la kwanza. Ukienda kwa adabu na ukiwa na faili tayari kwenye diski, mara nyingi wanakubali. Keti safu ya tatu, halafu safu ya mwisho. Tazama kama midomo inaendana na sauti, kama maandishi hayakatwi ukingoni, kama matukio ya usiku hayajawa giza tupu. Kwenye kompyuta giza la usiku wa kijijini linapendeza. Kwenye skrini kubwa linaweza kummeza mwigizaji mzima.

Hatua ya 8: Tuma kwa mpangilio

Mwaka wa mashindano wa filamu fupi huanza 1 Oktoba na kuisha 30 Septemba. Andika matamasha sita au saba kwenye daftari, si arobaini. Kwa kila moja andika tuzo ipi hasa imo kwenye orodha ya Academy, maana tamasha hutoa tuzo nyingi na si zote zinazofungua mlango. Kuchaguliwa kuonyeshwa ni heshima, lakini hakukupi sifa ya Oscar. Lazima ushinde tuzo iliyotajwa.

Ada huumiza. Kabla ya kulipa, waandikie barua pepe fupi ukiomba usamehewe ada: wewe ni nani, unatoka wapi, filamu inahusu nini, linki na neno la siri. Mistari sita. Wengine watakataa, wengine hukubali, na hakuna anayekukasirikia kwa kuuliza.

Angalia mitego miwili ya kalenda. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kwa hiyo 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi. Na mwisho wa kupokea huhesabiwa kwa saa za kwao. Usiku wa manane wa Los Angeles ni saa 4 asubuhi kwetu siku inayofuata wakati wa kiangazi chao, na saa 5 wakati wa baridi yao. Usiku wa manane wa Paris ni saa 7 au saa 8 za usiku uleule kwetu. Mimi naweka mwisho wangu siku tatu kabla, kwa sababu kupakia faili kubwa kwa bando la Arusha si kazi ya saa moja.

Imefanikiwa pale unapopokea barua pepe ya uthibitisho, ukafungua linki yako kwa simu nyingine isiyo na akaunti yako, na filamu ikacheza hadi mwisho.

Hatua ya 9: Ukishinda

Tamasha halikuingizi Oscar. Unajaza mwenyewe fomu ya mtandaoni ya Academy kabla ya tarehe yao ya mwisho, ukiwa na uthibitisho wa tuzo, majina ya timu na DCP. Wapiga kura huchuja hadi filamu 15, kisha 5 zinazotajwa kuwania.

Amueni mapema nani wataandikwa kama wawaniaji. Kwa kawaida hawazidi wawili, mwongozaji akiwa mmojawapo. Nimeona urafiki wa tangu shule ya msingi ukivunjika kwa jambo hili, tena kwenye tamasha dogo lisilo na fedha. Liandikeni kwenye mkataba wa watayarishaji mkiwa bado mnachangia nauli ya kwenda Usa River.

DCP yako iwe na nakala mbili, moja kwako na nyingine kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Barua pepe ya kuiomba ikifika, ijibu siku hiyohiyo.